Faili la Mama na Faili Langu

Maktaba
4 Februari

Mama mkubwa,

Nisamehe kwa kutanguliza jambo hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo. Fundi ameondoka nyumbani, nami nimefurahi. La kwanza wanalijua majirani. La pili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Sasa shikamoo. Natumaini hujambo, Bibi hajambo, na saluni inapata wateja. Sisi ni wazima. Mama angekusalimu kama angejua nakuandikia. Nimemaliza shule, matokeo yamekuwa mazuri kuliko nilivyotegemea, na nimepata kibarua hapa maktaba cha kurudisha vitabu kwenye rafu. Ni kazi inayonifaa, kwa sababu vitabu havikuulizi mbona huongei.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya Mama ndiyo ya nyumba nzima, na ujumbe wako huwa anausoma kwa sauti huku akicheka. Hili si la kusomwa kwa sauti. Ukijibu, tuma kwa anwani ya maktaba.

Fundi aliondoka Desemba, siku ya kawaida tu. Alirudi kutoka gereji, akanawa mikono, akatia nguo begini, akasema anahamia kwa yule mama anayeuza vipuri vya magari karibu na kazini kwake. Mama alikuwa anapinda suruali ya mteja. Hakuinua kichwa. Alimuuliza tu, "Umechukua taulo lako?"

Unajua mimi na huyu baba wa kambo hatukupatana, ila hujui kwa nini, maana Mama alikuwa akikuambia nina haya tu. Haya ninayo. Lakini alikuwa na neno lake moja. Chumvi ikizidi, mlango ukibamizwa, Mama akichelewa kurudi, alisema, "Nikiondoka mimi, mnaondoka na ninyi." Hakupaza sauti. Pasipoti zetu zilikaa ndani ya sanduku lake la spana. Siku aliyohama aliziweka mezani, zina alama za vidole vya grisi, akafunga mlango taratibu.

Nilidhani ni vitisho tu. Kumbe alisema kweli. Kibali cha Mama cha kuishi hapa kimeandikwa kwamba yeye ni mke wa mwenyeji. Changu kimeandikwa kwamba mimi ni mtoto wa Mama. Kwa hiyo changu kinaning'inia kwenye cha Mama, na cha Mama kinaning'inia kwa Fundi. Sheria ya hapa inasema mgeni akiishi na mwenzi wake miaka mitatu kamili, nyumba moja, anaweza kuomba kibali chake mwenyewe, hata wakiachana baadaye. Fundi ameondoka imebaki miezi mitano.

Mama ameamua kusema kwamba bado yupo. Viatu vyake vya zamani viko mlangoni, na ovaroli lake moja limetundikwa bafuni. Ameniambia, "Wakija kuuliza, wewe unajua la kusema." Mama mkubwa, mimi hata kumwambia dereva anishushe kituoni naona taabu. Nitasemaje uongo mbele ya afisa wa uhamiaji? Na nikisema kweli, si nitakuwa nimemfukuza Mama kwa mdomo wangu mwenyewe? Nimeshatimiza miaka kumi na nane, kwa hiyo wataniuliza kama mtu mzima.

Nakuomba uniambie nifanye nini.

Mwanao,
Kimya


Saluni
27 Februari

Kimya mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Barua yako imenikuta nimeshika kichwa cha mtu, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama fagio. Nikaisoma papo hapo. Mteja akanitazama kwenye kioo: "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Hapana, kuna mwanamume." Akasema, "Aa, basi endelea kusuka."

Hongera kwa matokeo. Bibi yako nimemsomea sehemu ya matokeo na sehemu ya maktaba, basi. Hajambo, yuko dirishani kwake anakagua wateja. Juzi kamwambia bibi harusi mtarajiwa kwamba kwa kichwa kile bora ajitande tu. Yule hatarudi.

Sasa nikuambie, nimeudhika, tena si na huyo Fundi. Nimeudhika na mdogo wangu. Tangu mwaka uanze amepiga simu mara ngapi, na kila mara, "Shemeji yako anakusalimu." Hizo salamu alikuwa anazitoa wapi? Na huyo bwana, kama amehamia kwa muuza vipuri, basi wamtafutie na moyo mwingine, maana ule aliokuja nao ulikuwa mbovu toka kiwandani.

Kuhusu kufurahi kwako, furahi. Mimi sijasikia kitu.

Kuhusu swali lako. Mimi ndiye niliyekuchapa ukiwa mdogo kwa sababu ya kipande cha sabuni ulichosema hukukichukua. Leo mimi huyo huyo nakuambia: wakikuuliza, sema yupo. Sema yuko kazini. Sema na inama chini kama kawaida yako, watadhani ni adabu. Usiniulize kwa nini mama yako asirudi tu nyumbani. Aliuza cherehani ili aondoke, na chumba chake ndicho hiki ninachosukia. Akirudi, atarudi kwenye nini? Mambo mengine tuyaache.

Swali la Bibi, ambalo ameniamuru niliandike mwishoni kama kawaida yake: "Huko kuna mtu anayekuchekesha, au unacheka na vitabu?"

Mama yako mkubwa


Saluni
15 Aprili

Kimya,

Salamu nyingi. Sisi tupo. Mbona kimya, au jina limekukolea? Nilipompigia mama yako alisema mko salama, kisha akasema maji yanachemka, akakata. Maji gani yanayochemka kila nikipiga simu?

Niandikie hata mistari miwili. Hapa kazi zimezidi kidogo, ndiyo maana na mimi naandika fupi.

Mama yako mkubwa


Maktaba
11 Mei

Mama mkubwa, shikamoo.

Natumaini mu wazima. Sisi afya tunayo. Hapa maktaba wameniongezea siku, na msimamizi wangu amenisaidia kuomba nafasi katika chuo wanachofundisha kazi za maktaba. Nimepata. Masomo yanaanza Septemba. Mama alipoiona ile barua ya kukubaliwa aliifunga kwa karatasi ya nailoni kama nyama.

Sikukaa kimya kwa kukosa nafasi. Nimeandika barua hii mara kadhaa nikachana.

Afisa alikuja Machi, Jumamosi asubuhi. Mwanamke wa makamo, sauti ya upole, kamba ya kiatu kimoja imelegea. Aliomba kuona vyumba. Mama alijibu vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

"Mumeo yuko wapi?"

"Gereji. Jumamosi ndiyo magari yanajaa."

"Hulala upande gani?"

"Wa ukutani. Anakoroma, sasa namgeuzia ukuta."

Afisa akacheka. Akapita bafuni, akalishika ovaroli.

Mama unamjua. Hawezi kuona kifungo kimelegea akapita. Miezi yote ile ovaroli liko nyuma ya mlango, alikuwa amelifua, amelipiga pasi, ameshona mfuko uliochanika, na vifungo vyote amebadilisha. Lilikuwa safi kama koti la daktari. Afisa aligeuza mkono mmoja wa nguo, akageuza wa pili, anatafuta hata doa moja la grisi.

"Hongera," akasema. "Kaka yangu naye ni fundi wa magari. Mkewe ameshindwa kabisa na ovaroli."

Mama akasema sabuni ya hapa ni nzuri. Afisa alikuja kukaa mezani nilipokuwa mimi, akatoa karatasi. "Binti, wewe ni mtu mzima sasa. Nitauliza, nitaandika unachosema, kisha utaweka saini. Baba yako wa kambo analala hapa?"

Nilikuwa nimelikariri jibu jikoni. Ni neno moja tu, ndiyo. Nikafungua mdomo. Halikutoka. Nilitazama kamba ya kiatu chake, na masikio yakawa yanawaka.

Mama akaja akasimama kati yetu, mikono bado imelowa. "Mwache mtoto," akasema. "Aliondoka Desemba. Niandike mimi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Unajua unachokisema?"

"Najua. Andika."

Alipokwisha kuondoka nilimwambia Mama kwamba ningesema, nilikuwa karibu kusema. Akanijibu, "Ndiyo maana." Kisha akavichukua vile viatu vya Fundi akavitoa nje kwenye takataka.

Karatasi za talaka zimefika mwezi uliopita. Mama ameweka saini bila kusoma ukurasa wa pili. Kibali cha ndoa hakitaongezwa. Lakini afisa aliandika kwamba Mama alisema kweli mwenyewe kabla ya kuweka saini, na hilo limetusaidia. Tumekwenda ofisi ya msaada wa kisheria, kwa mwanasheria mmoja mama mtu mzima anayekula karanga huku akisoma. Akamuuliza Mama, "Alikuwa akikutesa? Kukupiga, kukutisha? Kwa waliotendewa hivyo sheria imeacha mlango."

Mama akasema, "Hakunipiga."

"Nimeuliza na kutisha."

"Hakunipiga," akasema tena, akafunga mkoba. Nami nilikuwa pale pale, Mama mkubwa, na lile neno la Fundi nalijua kama jina langu. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo mlango uliobaki ni wa kazi. Mwenye duka analoshonea amekubali kuandika kwamba anamhitaji. Faili la Mama liko mezani pa uhamiaji sasa. Na mimi, kwa kuwa si mtoto tena, nina faili langu peke yangu, la mwanafunzi. Mwanasheria ametuonya jambo moja, akalirudia: faili likiwa mezani, mwombaji asitoke nje ya nchi hata kwa siku moja. Akitoka, linafungwa. Wanachukulia kwamba ameacha mwenyewe.

Nina swali. Barua yako ya Aprili haikuwa na swali la Bibi. Hajawahi kukosa. Nimeigeuza karatasi nyuma na mbele.

Mwanao,
Kimya


Saluni
20 Juni

Kimya mwanangu,

Marahaba. Poleni kwa yote. Mwambie mama yako, hapana, usimwambie kitu. Sema tu nimesalimia.

Nimesoma habari za ovaroli nikacheka, kisha nikajifungia stoo nikalia kwenye madebe ya shampuu. Ndiye yeye kabisa. Alipokuwa msichana alirudi kutoka kwa mchumba wake wa kwanza akasema, "Yule siwezi, lakini nimemshonea ukosi." Na mimi nilikosea kukuambia useme uongo. Niliandika kwa hofu. Mama yako amefanya vizuri kuliko dada yake.

Sasa naona umegeuza karatasi nyuma na mbele. Wewe tangu mdogo husemi lakini huachi kuona.

Bibi alianguka Machi, akitoka dirishani kwenda kitandani. Daktari anasema ni kiharusi. Upande wa kulia umelala. Maneno yanamtoka nusunusu, mengine hayatoki. Ananiita kwa jina la mama yako, nami naitika. Ananiuliza, "Umefika lini?" Namwambia, "Leo asubuhi." Anafurahi. Kesho yake tunaanza tena.

Nimemuuliza daktari, itachukua muda gani? Akanisifu jinsi ninavyomtunza. Basi nikaelewa.

Sikusema kwa sababu mama yako namjua. Akisikia leo, kesho yuko uwanja wa ndege, na hilo faili lake litafungwa. Hana mume, hana kibali, hana cherehani, atarudi amzike mama yake kisha akae kwenye kiti cha mteja hapa kwangu ananitazama. Mimi sitaki hivyo. Bora anichukie baadaye, akiwa huko na kazi yake na karatasi zake mwenyewe.

Kwa hiyo umejua, nyamaza. Ulizaliwa unaweza.

Mama yako mkubwa


Maktaba
9 Agosti

Mama mkubwa, shikamoo.

Pole kwa kumuuguza Bibi. Kama anasikia, mwambie nimemsalimia, na kwamba yupo mtu anayenichekesha, ni msimamizi wangu hapa, huwa anawakemea watu kwa kunong'ona. Sisi ni wazima. Ofisi imesema faili la Mama linahitaji muda zaidi, labda mpaka Novemba, lakini mwanasheria anasema dalili ni nzuri. Mwenye duka aliitwa, akawaambia kwamba Mama akiondoka atafunga upande wa nguo za kike.

Uliniambia ninyamaze. Nilinyamaza mpaka Julai ikaisha. Nilikuwa nikija kazini nafikiri unavyoitikia jina la Mama, halafu narudi nyumbani namkuta mwenye jina anachoma mkate na kuimba. Sikuweza.

Nilimwambia akiwa anakata kitambaa. Alimaliza kukata, akaweka mkasi, akapanda kiti akashusha sanduku juu ya kabati. Nikamwambia, "Mama, faili."

"Faili ni karatasi. Yule ni mama yangu."

"Ukitoka halitafunguliwa tena."

"Wewe ungekaa hapa kama ningekuwa mimi nimelala?"

Alitoa nguo kwenye kabati akazitupa kitandani, akawa anatafuta pasipoti. Nilikuwa nimeikalia. Aliponiona nimeikalia alianza kunifokea, kisha akakaa chini sakafuni, akaegemea sanduku. Sijawahi kumwona amekaa chini vile. Akasema, "Miaka yote nimevumilia ili siku moja niende nyumbani kichwa juu, na nirudi. Sasa naambiwa nichague."

Nikamwambia, "Nitakwenda mimi."

Alinitazama sana. "Na faili lako?"

"Nimemuuliza mwanasheria. La mwanafunzi halina shida. Naenda, namuuguza Bibi wiki tatu, narudi chuo kikifunguliwa."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Nimemuuliza mwanasheria kweli. Aliacha kutafuna. Alisema sheria ni ile ile, langu litafungwa siku nitakayotoka, na nafasi ya chuo atapewa mwingine. Naweza kuomba upya nikiwa huko, lakini hakutaka kunidanganya, wengi hukataliwa. Aliniambia nikafikiri nyumbani. Nimefikiri. Juzi nimekwenda dirishani pa uhamiaji nikaweka saini ya kuliondoa mwenyewe, kwa sababu mwanasheria alisema kuondoa ni afadhali kuliko kufungiwa. Aliyepokea ni yule yule mwenye kamba ya kiatu. Alisoma, akanitazama, akauliza, "Mama yako anajua?" Nikatikisa kichwa kukataa. Akagonga mhuri polepole.

Usidhani sikutaka kubaki. Nataka. Siku za mvua watu huingia maktaba kujikinga tu, kisha wanasahau kutoka, nami napita kati yao na vitabu na hakuna anayenishangaa. Nilijiona nafanya kazi hii hadi uzeeni. Niliposaini nilijisikia vibaya sana. Lakini Mama alisema ukweli wa Desemba mbele ya yule afisa ili mimi nisilazimike kusema kitu. Na Bibi anamhitaji mtu mwenye damu ya Mama amshike ule mkono wa kushoto. Mama akienda, amepoteza yote aliyoyavumilia. Nikienda mimi, yeye atakuwa na kibali chenye jina lake peke yake, na hakuna mtu atakayemwambia tena lile neno.

Mama anamshonea Bibi gauni la kulalia linalofunguka ubavu mzima, lenye vifungo vikubwa, ili usipate taabu kumvalisha. Anasema nikuonyeshe jinsi ya kuanza na mkono uliolala. Kila jioni ananikumbusha nisichelewe kurudi, na kwamba atanitandikia kitanda upya. Nimemwambia sawa.

Naondoka tarehe kumi na tisa. Nitakuwa na begi moja tu, maana nikibeba la pili atajua.

Mama mkubwa, hili sijamwambia mtu yeyote ila wewe, na nakuomba liishie kwako. Akipiga simu kuuliza narudi lini, mwambie Bibi hataki niondoke. Mwambie unanihitaji saluni. Mwambie lolote, wewe maneno hayakupigi chenga. Akishika kibali chake mkononi nitamwambia mwenyewe, na akitaka kunichapa atanichapa kwa simu. Kabla ya hapo akijua, atatoka siku hiyo hiyo kunifuata.

Nikifika, usilie mlangoni, na usinikumbatie kama mtu aliyekuja kukaa, maana Mama atakuwa kwenye simu anasikiliza. Nipokee kama mgeni wa wiki tatu, na usimwambie mtu.

Mwanao,
Kimya